Dakika 20 Kabla ya Mpira: Tuliyojifunza na Vijana wa Lamu

Lamu mchezaji akiumia goti, watu hawaulizi kwanza daktari yuko wapi. Huuliza mashua iko wapi. Hospitali ya King Fahd tunayo na tunaishukuru, mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksrei na plasta ikafungwa. Lakini eksrei haionyeshi kano iliyokatika ndani ya goti. Hiyo yataka picha ya MRI, na sisi tulipoihitaji tulielekezwa Mombasa: kuvuka hadi Mokowe, kupanda basi, kukaa njiani saa sita au saba siku ambayo barabara haina neno, kutafuta pa kulala, kulipa picha, kulipa daktari bingwa, kisha kurudi nyumbani kungoja upasuaji ambao familia ya mvuvi haina pa kuutolea fedha.

Nimekuwa nikisaidia kufundisha vijana, wa kiume na wa kike, miaka kadhaa sasa. Ni jioni baada ya Alasiri, uwanja wa Twaif tukipata nafasi, ufukwe wa Shela tukikosa. Naandika kwa ajili ya kocha wa mtaa, mwalimu wa michezo, ami anayenunua mipira kwa pesa za mfukoni mwake, na mama anayejiuliza kama amruhusu binti yake acheze. Haya yametugharimu sisi. Hakuna haja yawagharimu na nyinyi.

Lililotuamsha lilikuwa goti la binti wa miaka 16, mchezaji wetu wa katikati ya uwanja. Hakuguswa na mtu. Aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja huku akigeuka, goti likaingia ndani, na tuliokuwa karibu na mstari tukasikia mlio, ta! Akainuka, akatembea, akasema anaweza kuendelea. Watu wakapiga makofi. Mmoja akammiminia maji, mwengine akaanza kulikanda goti kwa nguvu zake zote, mzee mmoja akashauri mguu uvutwe. Kabla ya Isha goti lilikuwa limejaa hadi pia yake haionekani.

Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyemwona baadaye alitupa alama tatu ambazo kila anayesimama kando ya uwanja azijue: mlio au hisia ya kitu kukatika, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache, na goti kumwacha mtu anapogeuka. Ukiyaona hayo, dhania kano ya ndani ya goti hata kama mchezaji anatembea, kwa sababu aliyekatika kano hiyo anaweza kutembea. Usilikande, usilivute. Lifunge bandeji, inua mguu, mtu abebwe. Alitwambia pia kwamba wasichana hukatika kano hii zaidi ya mara mbili kuliko wavulana katika michezo ya kukimbia na kugeuka, na mara nyingi ni hivyo hivyo, bila kuguswa. Hakuna aliyewahi kutwambia hilo, na tulikuwa tukifundisha mabinti kila jioni.

Mchango wa kwanza tuliochanga uliishia kwenye nauli na malazi. Kidani cha dhahabu cha mama yake kiliuzwa. Binti mwenyewe akaacha hata kuja kutazama, na wenzake wakawa wanacheza kwa woga, kila mtu akitua kama anayekanyaga yai. Nilikwenda kwao kuwaona. Mama yake alinipokea mlangoni, akanikaribisha kahawa, akaniambia, "Mwalimu, mimi simlaumu mtu, ni kudura ya Mungu. Lakini hawa waliobaki mutawafanyaje?"

Jibu tulilipata kwa yule yule dada wa fiziotherapia, na tulipolisikia tulidhani ni jambo dogo mno. Kuna mpango wa mazoezi ya kupasha mwili joto unaoitwa FIFA 11+. Ulitengenezwa mwaka 2006 na wataalamu wa tiba wa FIFA pamoja na wenzao wa Oslo, Norwei, na Santa Monica, Marekani. Una mazoezi 15 na huchukua kama dakika 20. Hautaki mashine, hautaki umeme. Unataka mpira na nafasi ya kukimbia, na kwetu tuliongeza mikeka ya nyumbani ya kupigia magoti, kwa kuwa ardhi ya Twaif haina huruma.

Sehemu ya kwanza, dakika nane, ni kukimbia polepole wawili wawili huku mkifungua nyonga nje na ndani, mkizungukana, mkigusana mabega kwa kuruka. Ya pili, dakika kumi, ndiyo yenye kazi: kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, kujishikilia ubavu, kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua. Ya mwisho, dakika mbili, ni kukimbia kwa kasi na kukata kona. Ndani ya sehemu ya pili kuna zoezi la misuli ya nyuma ya paja ambalo vijana wetu walilichukia tangu siku ya kwanza. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha unaanguka mbele taratibu ukijizuia kwa misuli ya nyuma hadi ushindwe, mikono ikupokee. Anayeanza afanye mara tatu hadi tano tu. Sisi tulikuwa na kijana mwenye sifa nyingi aliyetaka kufanya ishirini, na kesho yake alipanda ngazi za nyumba yao kwa mikono. Maumivu hayo ya wiki za mwanzo ni ya kawaida, waambieni vijana mapema, la sivyo watasema zoezi ndilo linalowaumiza.

Katika yote hayo ninaloliangalia zaidi ni kutua. Mtoto akiruka, mtazame magoti kwa mbele. Yakiingiana, msimamishe, mwonyeshe: goti lielekee kidole cha pili cha mguu, nyonga zirudi nyuma kama anayetaka kukaa kitini, atue bila kishindo. Mwambie ajisikilize anavyotua. Wasichana walishika hili haraka kuliko wavulana, nadhani kwa sababu walikuwa wameliona goti la mwenzao.

Upinzani ulikuja, na haukutoka kwa watoto. Wazee wa timu walisema tunapoteza muda wa mpira, jua linazama, mambo haya ni ya Wazungu wenye nyasi. Hapo ndipo nilipofurahi kujua habari za Lagos. Watafiti wa Nigeria walichukua timu 20 za ligi ya vijana wa kiume, wenye umri wa miaka 14 hadi 19, nusu wakafanya mpango huu na nusu wakaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: majeraha kwa waliofanya yalipungua kwa asilimia 41. Lagos ni joto kama kwetu, na hao ni vijana wa Kiafrika kama wetu. Mzee mmoja aliposikia akasema, "Basi wacha wajaribu mpaka Maulidi." Maulidi yakapita, hakuna aliyeuliza tena.

Jambo moja niliseme wazi: mpango huu haufanyi kazi ukifanywa siku ya mechi peke yake. Angalau mara mbili kwa wiki, wiki zote, hata siku ambayo wamefika watoto wachache na kocha amechoka. Ukiukatakata, ukaruka sehemu ya pili kwa kuwa ni ngumu, umebaki na mbio za kuzunguka uwanja.

Uwanja wenyewe nao ni dawa au sumu. Kwetu kuna vipande vya matumbawe, chupa, miba ya samaki, na mavi ya punda, kwa sababu punda hupita kila mahali Lamu. Wadudu wa pepopunda huishi ndani ya udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hivyo mchubuko mdogo si wa kupuuzwa. Osheni kidonda kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga utoke, hata mtoto akilia, kisha ulizeni lini alichomwa sindano ya pepopunda. Hakuna anayejua? Zahanati. Sasa kabla ya mazoezi watoto hujipanga mstari mmoja kutoka goli hadi goli, wanatembea wakiokota. Magoli yetu ni ya boriti za mikoko, na zamani yalisimamishwa juu juu ili yahamishwe. Goli lisilochimbiwa likimwangukia mtoto linaua. Chimbieni, shindilieni mawe, na mkatazeni kila anayening'inia.

Kuhusu viatu, njumu za mitumba ni rehema lakini mtoto wa namba 38 akivaa namba 41 kwa kujaza matambara, kifundo chake hakina mlinzi. Bora acheze na raba zinazomkaa. Njumu zenye meno marefu zifaazo nyasi laini huung'ang'ania udongo mguu unapotaka kugeuka, na kinachogeuka badala yake ni goti. Vikinga ugoko tumekata kutoka madumu ya mafuta ya kupikia, tukafunika kitambaa. Vinafaa mazoezini, ila kwa mechi tafuteni vya kweli.

Na mchanga wa Shela, ambao wageni huja kuupiga picha. Kukimbia kwenye mchanga mlaini huchosha misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino kuliko ardhi ngumu. Timu ikihamia ufukweni ghafla kwa wiki nzima, utaona watoto wakichechemea asubuhi. Anzeni kidogo kidogo, maji yakipwa, kwenye mchanga ulioshikana, na kwa kuwa ufukwe umeinama upande mmoja, kila mlichokimbia kwenda mkikimbie pia kurudi.

Mabinti wana jambo lao. Tangu 2014 sheria za mpira zinaruhusu mchezaji kujifunika kichwa, kwa hivyo mzazi asiambiwe kwamba mpira na stara haviendi pamoja. Hatari iko kwenye pini. Mtandio unaoshikwa kwa pini unaweza kumchoma shingoni au jichoni, yeye au mwenzake. Fundi wa mtaani alitushonea mitandio ya kuvaa kwa kichwa, ya kitambaa cha jezi kinachovutika, ya rangi ya shati, isiyoning'inia wala kushonwa kwenye jezi. Kitambaa kile kile cha jezi, si poliesta nzito ya madukani, maana joto linalokwama kichwani ni hatari nyingine.

Joto la kaskazi, hasa kuelekea Machi, si la mzaha. Katika Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil mechi zilisimamishwa ili wachezaji wapoe na kunywa maji. Sisi tunasimama kila robo saa. Mtoto anayeacha kutoa jasho ilhali joto ni kali, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayeyumba, huyo si mvivu: kivulini mara moja, vueni jezi, mwagieni maji mwili mzima na mumpepee huku mwengine akitafuta usafiri wa hospitali. Kwa kuchoka kwa kawaida, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi hutosha mahali pa paketi za dukani. Ramadhani tumepunguza, hatujaacha. Dakika chache za mwisho kabla ya Magharibi, mazoezi ya kusimama mguu mmoja na kutua, hakuna mbio ndefu, na tende na maji viko pale pale adhana ikilia. Anayetaka mazoezi makali angoje baada ya tarawehe.

Sasa nifike palipokuwa pagumu kuliko mazoezi yote: nani ana neno uwanjani.

Kifundo kikiteguka, kwetu mtu huenda kwanza kwa mkandaji. Ni mzee wa heshima, ameshika miguu ya baba zetu. Kuna timu ya jirani iliyowakataza wachezaji wasiende kwake, wakawa wanakwenda usiku. Sisi tulikwenda kwenye baraza lake. "Masalkheri, ami. Tumekuja kukuomba shauri." Tukanywa kahawa yake, tukamweleza tulichofundishwa: mguu uliovimba usikandwe siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu ndani kunavuja na kukanda kunazidisha. Na kuna kipimo rahisi: kama mtu hawezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, wa ndani au wa nje, analia, apigwe eksrei kwanza. Mzee alinyamaza, akaomba aonyeshwe ni wapi hasa pa kubonyeza. Akashika mguu wa mjukuu wake aliyekuwa karibu, akabonyeza, akauliza, "Hapa?" Tangu hapo yeye ndiye anayetuletea wasioweza hatua nne, na sisi humpelekea waliochoka misuli tu, wasio na uvimbe. Hatungeweza kupata mshirika bora.

Kwa barafu tunanunua ile ile ya wavuvi, ya kuhifadhia samaki. Ifungwe kwenye kitambaa, isikae juu ya ngozi tupu, dakika 15 hivi, kwa ajili ya kutuliza maumivu. Uponyaji unaletwa na mazoezi ya kurudi polepole, na hapo ndipo vijana wetu hupotea. Uvimbe ukishuka wanarudi, na kifundo kilichoteguka mara moja ndicho kinachoteguka tena. Asimame mguu mmoja asubuhi na jioni, mswaki mdomoni, kwanza macho wazi kisha yamefungwa. Akiweza kuruka na kutua kwa mguu ule bila kuyumba, na kukata kona bila maumivu, aje tuzungumze.

Kichwa ni habari nyingine kabisa. Katika fainali moja kipa wetu aligonga mlingoti, akasimama, akatabasamu. Tukamuuliza ni kipindi gani, nani amefunga bao la mwisho. Akataja bao la mechi iliyopita. Hakuwa amezimia, na wengi hudhani bila kuzimia hakuna shida. Si kweli. Kocha alimtaka abaki, nahodha alimtaka abaki, mfadhili wa kombe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele akitazama saa. Aliyemtoa ni dada anayeshika sanduku letu la huduma ya kwanza. Alipata mafunzo ya Msalaba Mwekundu, na tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi kabla ya msimu kwamba akisema mtu anatoka, kocha hana la kuongeza. Tulifungwa ile fainali, na nyumbani nilikwenda nikiwa na amani. Aliyegongwa kichwa harudi siku ile, kwa lolote. Akitapika, akisinzia asiamshike, kichwa kikimzidi, akidegedega, hospitali usiku huo huo. Asiye na dalili hizo apumzike siku moja mbili, kisha arudi kwa ngazi: kutembea, kukimbia, mpira bila kugusana, na mechi mwisho kabisa, baada ya daktari au afisa wa tiba kumwona.

Kila timu impate mtu kama dada huyo, na asiwe kocha. Kocha anataka kushinda, na hilo si dhambi, lakini mtu mmoja hawezi kubeba mambo hayo mawili dakika ya 80.

Makombe ya mtaa nayo yanahitaji mazungumzo. Mfadhili huleta jezi, mipira na kombe linalong'aa, ratiba ikawa mechi kila siku, na mtoto yule yule anachezea shule asubuhi na mtaa jioni. Watoto wanaorefuka haraka huanza kuumwa chini ya goti, pale penye kinundu cha mfupa, na watu husema anajifanya. Anahitaji kupumzika. Tumejifunza kumwomba mfadhili kabla hajanunua chochote: siku ya kupumzika kati ya mechi, sanduku la huduma ya kwanza, na mafuta ya boti ya dharura siku zote za mashindano. Wengi hukubali, hawakuwa wamefikiria tu. Mmoja alikataa, nasi hatukuingiza timu.

Mwisho ni karatasi. Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya serikali ya Kenya, imepisha SHA, na wazazi wengi wanadhani kujisajili kunatosha. Kujisajili kunampa mtoto huduma za zahanati na kituo cha afya. Akihitaji kulazwa au upasuaji, mchango wa familia uwe umelipwa, na wasio na mshahara hulipa wa mwaka kwa pamoja. Tunakagua hili mwanzo wa msimu, pamoja na nambari ya simu ya mzazi, mzio wa dawa na sindano ya pepopunda, kwenye daftari moja linalokaa ndani ya sanduku. Familia isiyoweza kulipa kwa mkupuo tunaisaidia kuchanga kidogo kidogo kutoka miezi ya uvuvi mzuri. Fedha hizo, na za mafuta ya boti, anazishika mama wa yule binti wa kwanza. Aliomba mwenyewe.